Siku za Witiri

Keti, dada. Chuma bado cheusi,
hakijafika rangi ya kiini cha yai.
Umevuka kwa feri nusu saa tu, umejionea:
ng'ambo maghorofa yenu yamejipanga kama meno,
na huku ni sisi wa Kinmen, mawe ya itale na vumbi,
kisiwa chenye umbo la mfupa
mbwa aliutafuna katikati akauchoka.
Taipei ni mbali, ndege saa nzima.
Kujua sisi ni wa nani, uliza ramani.
Kujua tuko karibu na nani, chungulia dirishani.

Zamani palikuwa na msitu.
Wakaja wenye vita vyao, wakakata miti,
wakaunda merikebu, wakaenda zao.
Upepo ukabaki.
Ndiyo maana kila kijiji kina simba wake wa jiwe,
amesimama wima kama mtu, kifua mbele,
tumemvisha joho jekundu.
Usicheke. Wa kwetu ana meno mawili yaliyovunjika
na bado hafungi mdomo.

Mpunga hapa ni ndoto. Mtama ndio unaotuvumilia.
Wakati wa mavuno tunautandaza barabarani,
magari yapite juu, yapure bila ujira.
Punje zinakwenda kiwandani, zinarudi ndani ya chupa,
kali kama shemeji anayekudai.

Babu wa baba yangu aliikimbia njaa hadi Singapuri.
Akabeba magunia, akatuma pesa, akajengewa nyumba
yenye nguzo za Kizungu na paa la mkia wa mbayuwayu.
Hakulala humo hata usiku mmoja.
Iko pale nyuma ya posta. Wenye nyumba ni popo.

Sogea kidogo, cheche zinaruka.

Nilikuwa na miaka mitatu mbingu ilipoanza kumwagika,
siku arobaini na nne mfululizo.
Kisha pande mbili zikazoeana kama majirani wagomvi:
siku za witiri mnapiga,
siku za shufwa mnapumzika.
Tukapanga harusi kwa shufwa,
na mazishi pia, maiti akikubali kusubiri.
Mtoto wa hapa alijua witiri na shufwa
kabla hajajua kujumlisha.
Mpira wa kikapu uliandikishwa kama bunduki,
maana mtu angeukumbatia
akaogelea mpaka kwenu.

Dada yangu Siok-lan alitoka tarehe kumi na saba
kufuata bata.
Kombora lilikuwa la karatasi,
halikubeba mauti, lilibeba salamu zenu.
Ganda tu ndilo lililomfikia.
Karatasi zilitua baadaye, polepole,
juu ya bata, juu ya kisima.
Sikuwa nimejifunza kusoma.

Tazama, kimeiva. Shika koleo, hapo, hivyo.

Ganda moja, visu arobaini.
Na chuma kizuri kuliko vyote, wahunzi wote watakuambia,
ni cha makombora ya karatasi:
kinene, hakikutawanyika.
Sijui nikuambie nini juu ya hilo.
Nimefua miaka hamsini na sijui.

Umesema ni cha kukatia samaki na tangawizi.
Basi nakipa mgongo mzito, ncha butu kidogo.
Mpini ukilegea, niletee; silipishi.

Leo tarehe ngapi?
Tisa?
Sikuwa nimeangalia.

Feri ya mwisho ni saa kumi na moja na nusu.
Ukipitia pwani, bahari imekupwa, utaona nguzo za mawe
na wanawake waliojifunga vitambaa usoni wakikwangua chaza.
Fuata palipo na nyayo. Mabomu yalikwisha kuondolewa,
lakini miguu yetu ina kumbukumbu ndefu.
Mwenye ndoo ya kijani ni mke wangu.
Nunua chaza wake, ni watamu kipindi hiki,
ila usimtajie bei
niliyokuuzia kisu.